Njia ya Nyoka Wadogo: Kutoka Nyeri hadi Archer's Post

Mji wa Nyeri ulianza kama kambi ya askari. Desemba 1902, kikosi cha Waingereza kilipanda kutoka Fort Hall, ambayo leo ni Murang'a, kikaingia nchi ya Tetu kwa bunduki na moto. Mapigano yalipokwisha wakachagua mahali kati ya Mlima Kenya na Nyandarua, wakajenga boma. Richard Meinertzhagen, mmoja wa maafisa wa kikosi hicho, aliacha shajara ambayo wanahistoria wengi huirejelea wanapoandika habari za mwezi ule. Mimi nimevutiwa zaidi na mwenzake, Sidney Langford Hinde, aliyekuwa na mamlaka juu ya jimbo zima. Hinde alisomea udaktari. Kabla ya kuja huku alikuwa Kongo, katika jeshi la Wabelgiji lililopigana na Waarabu na Waswahili wa Manyema kati ya 1892 na 1894, na akaandika kitabu juu ya vita hivyo. Baadaye yeye na mkewe, Hildegarde, wakaandika kingine juu ya Wamasai. Zaidi ya hayo alikuwa mkusanyaji wa wanyama, na baadhi ya alivyovikusanya vilifika London.

Mwaka 1910 George Albert Boulenger, mtaalamu wa wanyama watambaao katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, alimweleza kwa mara ya kwanza katika maandishi ya sayansi nyoka mdogo aliyetoka Kenya, akampa jina la Hinde. Leo anaitwa Montatheris hindii, na tangu 1996 amewekwa katika jenasi yake peke yake. Ni kipiri wa mlimani, mwenye urefu wa sentimita 20 hadi 30 hivi, wa rangi ya kahawia na mabaka meusi ya pembetatu mgongoni. Anaishi Nyandarua na Mlima Kenya, na kwingine duniani hayupo. Makao yake yako juu ya msitu na mianzi, kati ya mita 2,700 na 3,800, kwenye nyasi za vishungi ambako usiku huweza kuganda barafu. Jua likichomoza hutoka kuota, akawinda vinyonga na mijusi midogo. Jua likizama hurudi chini ya vishungi. Hatagi mayai, huzaa watoto wachache walio hai, kwa maana yai lililoachwa ardhini katika baridi ile lingeharibika.

Kuna jambo katika kumbukumbu ya Boulenger ambalo limenifanya nilifikirie sana. Mahali alipotoka nyoka yule pameandikwa Fort Hall, kwenye urefu wa futi 4,000. Fort Hall ni nchi ya migomba na viazi vikuu, na kipiri wa mlimani hakai huko. Basi kuna mtu aliyempata juu, penye baridi, akamteremsha hadi mezani kwa bwana mkubwa. Huenda alikuwa Mkikuyu wa Tetu au Mathira, huenda alikuwa mpagazi kutoka pwani. Jina la mpokeaji likaingia katika vitabu, la mletaji halikuandikwa. Hali hii tutaikuta tena na tena njiani, kwa sababu historia ya nyoka wa nchi hii imeandikwa kwa majina ya waliopokea.

Njia ninayoizungumzia ni ile inayotoka Nyeri, ikapita Kiganjo, Naro Moru na Nanyuki, ikapanda hadi Timau, kisha ikaporomoka hadi Isiolo na kuendelea kaskazini mpaka Archer's Post ukingoni mwa mto Ewaso Nyiro. Kabla ya lami, kabla ya reli kufika Nanyuki, ilikuwa ni nyayo za wafugaji, wawindaji na misafara ya pembe za ndovu. Nimeifuata kwa matatu na kwa miguu nikiwa na swali moja: kwa nini kipiri wa juu, asiyemdhuru mtu, tunamjua kwa jina la mtawala na kumwonea fahari kama mali ya taifa, ilhali jamaa yake wa nchi kavu kule chini, anayetia watu kaburini, hatajwi hata katika mazungumzo ya miji hii inayomzunguka mlima?

Ukitoka Nyeri asubuhi, mlima unakuwa mkono wa kulia. Karibu na Naro Moru ndipo zilipopita nyayo za msafara wa Count Samuel Teleki, Mhungari, na mwenzake Ludwig von Höhnel, mwaka 1887. Walikata nchi ya Wakikuyu kwa mapigano na maafikiano, wakapiga kambi Ndoro, magharibi ya Mlima Kenya, na kutoka hapo Teleki akapanda hadi kupita mita 4,500. Vitabu vya Ulaya vinasema Teleki ndiye aliyeongoza msafara. Ukisoma kwa makini unaona kwamba msafara usingetembea bila Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa pembe kutoka Pangani, aliyezijua njia za bara, lugha zake na bei zake kuliko Mzungu yeyote wa wakati ule. Kimemeta na wapagazi wake walikuwa watu wa pwani. Walivaa viatu vya ngozi au walikwenda pekupeku, walilala chini, na waliokota kuni gizani. Mtu akiumwa na nyoka katika maisha ya namna hiyo, huumwa mguuni au mkononi, jioni au usiku. Hali haijabadilika kwa mfugaji wa Samburu wa leo.

Kutoka Ndoro msafara ulielekea Laikipia na kushuka Njemps, kando ya Ziwa Baringo, kituo ambacho misafara ya Waswahili ilizoea kununua chakula na kupumzika. Machi 1888 walifika ziwa kubwa la kaskazini, ambalo leo ni Turkana. Ikumbukwe Njemps, maana tutarudi huko.

Nanyuki sitaizungumzia sana. Ni mji mzuri uliosimama juu ya Ikweta, wenye kambi za jeshi na maduka ya wageni, na mtu anayeishi hapo anaweza kumaliza maisha yake bila kumwona kipiri wa aina yoyote. Baada ya Nanyuki mashamba ya ngano na maua yanafuatana mpaka Timau, hewa baridi, ukungu begani mwa mlima. Halafu barabara inainama. Katika muda mfupi sana unaacha ngano na kuingia migunga, udongo unageuka mwekundu kisha wa kijivu, na joto linaingia dirishani. Mlima umezuia mvua inayotoka bahari ya Hindi, na upande huu wa kaskazini unabakiwa na masalio. Ni pachache Afrika Mashariki ambapo mtu anavuka kutoka nchi moja hadi nyingine kwa haraka namna hii.

Isiolo ndio mlango. Baada ya vita vya kwanza vya dunia, askari Wasomali waliotumikia Waingereza walipewa makazi hapa. Baadaye mji ukawa makao ya utawala wa wilaya za mpaka wa kaskazini, zilizofungiwa kwa sheria zao hata Mkenya wa Nyeri akahitaji kibali kuingia. Sokoni unasikia Kiborana, Kimeru, Kisomali, Kisamburu na Kiturkana, na katikati yake Kiswahili cha kununulia mbuzi. Hapo ndipo nilipomuuliza mzee mmoja, mfugaji wa Samburu aliyekuja kuuza kondoo, kama anawajua nyoka wa kwao.

"Nawajua, kijana wangu. Unataka yupi?"

"Yule mdogo, mzee. Wa mchangani."

Akanyoosha mkono kuonyesha urefu wa nyoka, haukufika kiwiko. "Huyo ndiye mbaya. Mkubwa unamwona, unapita mbali. Huyu mpaka umkanyage."

Wataalamu humwita Echis pyramidum. Jina lake limetoka mbali: Étienne Geoffroy Saint-Hilaire alikuwa miongoni mwa wanasayansi waliofuatana na Napoleon kwenda Misri mwaka 1798, na nyoka aliyepatikana huko, karibu na piramidi, alielezwa katika kitabu kikubwa cha msafara ule na kupewa jina la kisayansi mwaka 1827. Jamii ya Echis imeenea kwenye ukanda mzima wa nchi kavu, kutoka Afrika Magharibi kupitia Sudan, Ethiopia, Somalia na kaskazini mwa Kenya, kuvuka Bara Arabu hadi India na Sri Lanka. Kwa hiyo Mswahili aliyehamia Oman na Msamburu wa Archer's Post wana jirani mmoja wa jamii moja, ingawa spishi zatofautiana.

Kwa umbo hatishi. Kwa kawaida hana zaidi ya sentimita 60, wengi ni wafupi zaidi, na rangi yake ni ya udongo anaoishi juu yake. Mchana hujificha chini ya jiwe, kwenye mzizi, ndani ya shimo la panya. Usiku hutoka kuwinda, na chakula chake kinajumuisha nge na tandu, viumbe ambavyo nyoka wengi huviepuka. Sumu ya jamii hii imepimwa juu ya nge, na ikabainika kwamba aina zinazokula nge zina sumu inayowaua nge upesi zaidi kuliko zile zisizowala. Akikasirika hujikunja mikunjo inayopishana na kusugua magamba ya ubavuni, yenye meno madogo, hata ukasikia sauti kama matone ya maji yakiangukia kikaango cha moto. Nyoka wengine huonya kwa kutoa pumzi, na pumzi hubeba unyevu. Huyu huonya bila kupoteza tone, na katika nchi anayoishi tone lina thamani. Tofauti na jamaa yake wa mlimani, hutaga mayai, na ardhi yenye joto huyaangua.

Hatari yake iko katika wingi, katika rangi inayomficha na katika wepesi wake wa kuuma. Wingi huo si maneno matupu. Kaskazini mwa Kenya, katika eneo la kilomita za mraba 6,500 hivi kuzunguka kilima cha Moille, wakusanyaji waliwahi kukamata karibu nyoka 7,000 wa aina hii kwa muda wa miezi minne tu. Huenda wengi wa waliowashika nyoka hao walikuwa wenyeji, wachungaji na watoto wa wachungaji. Hapa tena hatuna majina yao.

Kutoka Isiolo hadi Archer's Post siku hizi ni mwendo mfupi wa lami, na lami hiyo inaendelea hadi Moyale. Mwaka 1909 Geoffrey Archer, afisa kijana aliyetumwa kufungua vituo vya serikali kaskazini, aliweka kimoja hapa kwenye kivuko cha Ewaso Nyiro na kingine juu ya mlima wa Marsabit. Archer alipenda ndege, akaja kuandika juu ya ndege wa Somalia, na baadaye akawa gavana wa Uganda. Lakini mto huu ulikuwa umeshafuatwa na Wamarekani kabla yake. William Astor Chanler, tajiri wa New York, alifika mwaka 1892 pamoja na von Höhnel yule yule, akauteremka hadi kinamasi cha Lorian ambako maji yake hupotelea. Mwaka uliofuata von Höhnel alijeruhiwa vibaya na kifaru, na wapagazi wa Zanzibar, waliochoka na kiu, vifo na adhabu, wakamwacha Chanler wakarudi pwani. Mwaka huo huo wa 1893, huko Washington, Leonhard Stejneger alichapisha maelezo ya wanyama watambaao kutoka Afrika Mashariki, wakiwemo waliopelekwa na Chanler. Nyoka walifika salama kwenye chupa za pombe kali. Wapagazi walifika pwani kwa miguu.

Sasa turudi Baringo. Njemps ya Kimemeta iko karibu na mahali ambapo, katika karne ya 20, Jonathan Leakey alianzisha shamba la nyoka. Huyu ni mtoto wa Louis na Mary Leakey, watafiti wa mifupa ya kale. Kijana huyo ndiye aliyegundua kule Olduvai, mwaka 1960, mabaki ambayo dunia ilikuja kuyajua kama Homo habilis, kisha akaiacha mifupa ya kale na kushika nyoka. Alikamua sumu na kuiuza kwa maabara za nje. Mwaka 1969 wataalamu wawili wa Ulaya, Stemmler na Sochurek, walimpa Echis wa Baringo jina lake: leakeyi. Kwa hiyo mlima una nyoka wa Hinde, na nchi kavu ina nyoka wa Leakey.

Sumu ile iliyosafirishwa haikwenda bure. Ndani ya sumu ya Echis mna kimeng'enya kiitwacho ekarini, ambacho huamsha mfumo wa kugandisha damu. Kwa mtu aliyeumwa, mfumo huo huamshwa mwili mzima kwa wakati mmoja mpaka vigandisho vyote vya damu vinakwisha. Baada ya hapo damu haigandi tena. Fizi zinavuja, kovu la zamani linafunguka, mkojo unakuwa mwekundu, na siku kadhaa baadaye, pengine mguu umeshaanza kupungua uvimbe na jamaa wamefurahi, mishipa ya ubongoni inavuja na mgonjwa anafariki. Katika maabara ekarini hutumika kupima damu. Na kutokana na protini nyingine ya sumu ya jamii hii, wanasayansi walibuni dawa ya moyo iitwayo tirofiban, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998. Wagonjwa wa moyo katika miji mikubwa ya dunia wamepona kwa elimu iliyoanzia kwenye meno ya nyoka wa jamii hii. Naona ni deni, na deni hilo halijalipwa kwa mchungaji wa kaskazini.

Kile anachodai mchungaji huyo ni dawa ya kuzuia sumu. Hutengenezwa kwa kumdunga farasi au kondoo sumu kidogo kidogo mpaka damu yake itengeneze kinga, kisha kinga hiyo huchujwa na kusafishwa. Ugumu wake ni kwamba dawa lazima ilingane na nyoka. Dawa iliyotengenezwa kwa sumu ya Echis wa India ilipelekwa Ghana na Chad, na wagonjwa wakafa zaidi, kwa sababu sumu ya Echis wa India na ya Echis wa Afrika hazifanani vya kutosha. Mwaka 2014 kampuni ya Sanofi Pasteur iliacha kutengeneza FAV-Afrique, mojawapo ya dawa zilizoaminika sana Afrika, na chupa za mwisho zikaisha muda wake mwaka 2016. Mwaka 2017 watafiti walichapisha matokeo ya majaribio ya maabara juu ya dawa zinazouzwa Afrika Mashariki dhidi ya sumu za nyoka wa huku, na baadhi yake zilionekana dhaifu kwa namna ya kutisha. Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani liliingiza kuumwa na nyoka katika orodha ya magonjwa yaliyopuuzwa, na mwaka 2019 likaweka lengo la kupunguza vifo na ulemavu kwa nusu ifikapo 2030. Shirika hilo linakadiria kwamba watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka duniani kwa sababu hiyo.

Kenya haikukaa bure. Watamu kuna shamba la nyoka la Bio-Ken, lililoanzishwa na James Ashe mwaka 1980, ambalo limefundisha madaktari na wauguzi wengi. Karen, Nairobi, katika Taasisi ya Utafiti wa Nyani, kuna kituo cha utafiti wa kuumwa na nyoka kinachofanya kazi pamoja na wenzao wa Liverpool, na sumu za nyoka wa Kenya zinachunguzwa na Wakenya. Hayo ni maendeleo ya kweli, nayasifu bila kusita. Lakini Watamu na Karen ziko mbali na Merille na Laisamis kule kaskazini.

Kipo kipimo kimoja ambacho kila zahanati ya kaskazini inaweza kukifanya leo. Kilienezwa na kazi ya daktari Mwingereza David Warrell kaskazini mwa Nigeria katika miaka ya 1970, akiwatibu walioumwa na Echis wa huko. Unachukua damu kidogo ya mgonjwa, unaitia katika chupa ndogo ya kioo iliyo safi na kavu, unaiacha bila kuigusa kwa dakika 20, kisha unaiinamisha. Ikimwagika kama maji, sumu imeingia na mgonjwa anahitaji dawa. Hakuna umeme, hakuna mashine. Muuguzi mmoja na saa ya mkononi wanatosha kuamua kama mgonjwa apelekwe Isiolo usiku huo huo au asubiri asubuhi.

Nimemsikia mwenye gari mmoja wa Archer's Post akisema amewabeba wagonjwa kwenda hospitali moja wakaambiwa dawa haipo, wakaelekezwa nyingine, wakapanda Timau kwenye baridi mpaka miji ya juu. Njia ile ile ya Archer, sasa kinyumenyume, kutoka jangwani kwenda mlimani. Kila saa inayopita njiani damu inazidi kuharibika. Kuna familia zinazouza ng'ombe kulipia chupa za dawa, na wengine, wakijua gharama, huanza na jiwe jeusi, kamba na wembe. Jiwe jeusi halinyonyi sumu. Kamba iliyokazwa huua mguu. Wembe kwa mtu ambaye damu yake haigandi ni kumfungulia mlango wa kifo.

Kwa wasomaji wangu wa Nyeri, Karatina na Nanyuki mnaokwenda kaskazini kwa kazi, biashara au utalii: vaeni viatu vya kufunika miguu, tembeeni na tochi usiku, msilale juu ya ardhi tupu, msiingize mkono pasipoonekana. Mtu akiumwa, mtulizeni, mvueni pete na bangili, zuieni kiungo kilichoumwa kisitikisike, msikate, msifunge kwa kukaza, mpelekeni hospitali hata kama anasema hajisikii vibaya. Na kwa serikali za kaunti za Isiolo, Samburu, Marsabit na Baringo: nunueni dawa iliyothibitishwa kuwafaa waathiriwa wa kipiri wa kwetu, iwekeni kwenye vituo vya afya vya njiani vyenye friji inayofanya kazi, na mfundishe kila muuguzi kipimo cha dakika 20. Sidhani kama bei ya chupa hizo kwa mwaka mzima inafika gharama ya kilomita moja ya lami ile tunayoisifia.